Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi na Walezi

Ndugu wazazi na walezi,

Bwana Yesu asifiwe. Muhula umekwisha na watoto wanarudi nyumbani wakiwa wazima. Ripoti wamebeba wenyewe. Zisomeni kabla hamjasimuliwa zinasemaje.

Nianze na la furaha. Mnakumbuka mwalimu wa hesabu alituacha katikati ya muhula, na darasa la mtihani likaanza kukata tamaa. Wasichana wachache, bila kutumwa na mtu, wakawa wanakutana alfajiri kuomba kabla ya kufungua madaftari. Haukupita muda darasa likajaa hadi wengine wakasimama dirishani. Siku moja nilijibanza mlangoni nikawatazama. Sala ilikuwa fupi (mno, ukilinganisha na zangu za mkutano wa wazazi, mnazijua). Walipoitikia "Amina", mmoja akashika chaki palepale, na hadi kengele inalia ubao ulikuwa umejaa milinganyo. Matokeo yao ya hesabu yamepita ya muhula uliotangulia. Nawapongeza wao, na walimu waliojitolea kushika vipindi vile.

Siku ya kufunga niliwasomea Danieli sura ya 6. Wengi humjua kwa simba tu. Lakini kabla ya simba alikuwa mmoja wa wakubwa 3 waliosimamia maliwali 120, yaani watawala wa majimbo, na bado alipiga magoti mara 3 kila siku, madirisha yakielekea Yerusalemu. Wenye wivu walipoipekua kazi yake hawakupata kosa. Mtu wa sala, na mafaili yake yako sawa! Hao ndio ninaowataka hapa.

Vitabu vya maktaba virudishwe. Sare zishonwe likizoni.

Sasa la kuudhi. Katika mtihani wa fizikia, mwanafunzi mmoja aliomba kuingia na Biblia ili "amtangulize Mungu". Msimamizi aliifungua. Zaburi ya 119, ile ndefu kuliko zote, yenye aya 176, pambizo zake zilijaa kanuni za fizikia kwa penseli, herufi ndogo kama chawa. Mtoto kakosea, na adhabu yake anaijua. Kilichonikera zaidi ni mzazi wake kuja ofisini kunilaumu kwamba shule inapiga vita Neno la Mungu. Ndugu yangu, aliyelichezea Neno siku ile hakuwa msimamizi.

Wapo pia wanaokosa shule kwa sababu ya mikesha. Mkesha ni mwema, lakini mtoto aliyekesha Jumapili huwa halisikii somo la Jumatatu hata akifika. Mpelekeni Ijumaa.

Na ada. Najua maisha yamebana. Wapo waliopoteza kazi na wapo wanaouguza. Hao walikuja, tukaketi, tukakubaliana walipe kidogo kidogo, na wanalipa. Siwasemi wao. Nawasema wanaokaa kimya muhula mzima, na wakipigiwa simu hujibu kwamba wamemwachia Mungu. Mmoja alinijibu deni kwa Mathayo 6:33, "utafuteni kwanza ufalme wake". Aya hiyo naipenda, ila nayo inasema "na haki yake", na sioni haki iko wapi mpishi na mlinzi wetu wakicheleweshewa mshahara. Nehemia 4:9 inasema watu waliomba, kisha wakaweka walinzi mchana na usiku. Hawakuomba wakaenda kulala. Ukishaomba, njoo ofisini hata kama mkononi huna kitu. Mlango hufunguliwa asubuhi na mapema. Asiyelipa wala kuja kuzungumza kabla ya siku ya kufungua, mtoto wake hatapokelewa bweni, na nisipigiwe simu usiku kuhusu hilo.

Tarehe ya kufungua iko nyuma ya ripoti.

Ile Biblia bado ninayo ofisini. Mzazi mhusika aje kuichukua mwenyewe, akiwa na mwanawe, na kifutio.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu