Benki ziseme mapema ni fleti za namna gani hazizipokei rehani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nizungumzie jambo linalowagusa wakazi wengi wa Kampala na Wakiso wanaotaka kununua fleti kwa mkopo wa benki, nalo ni namna maombi yanavyokataliwa kwa sababu ya "muundo usio wa kawaida" wa jengo, maneno manne ambayo mwombaji huyasoma akiwa amekwisha kulipa kila ada inayolipika.

Mwaka uliopita mimi na mke wangu tulipata fleti kwenye mteremko wa Muyenga. Wanaokijua kilima kile watanielewa nikisema kwamba jengo halikusimama mahali tambarare bali limeteremka pamoja na ardhi, hata anayetoka barabara ya juu huingia ghorofa ya tatu kwa kupita kidaraja cha zege, na anayetoka barabara ya chini huiona ghorofa hiyo hiyo juu ya kichwa chake. Fleti yenyewe ina sebule na jiko katika usawa wa kidaraja, kisha ngazi ya ndani inashuka hadi vyumba viwili vya kulala, na kimojawapo kimepita chini ya jiko la jirani. Tuliipenda. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko fleti nyingine za eneo lile, na nakiri kwamba hatukujiuliza vya kutosha ni kwa nini.

Benki tuliyoiendea, ambayo sitaitaja, ilipokea maombi, ikatuelekeza kwa mthamini aliye katika orodha yake, tukamlipa sisi, taarifa ikapelekwa benki bila sisi kuiona, na baada ya majuma sita ikaja barua ya mistari mitatu. Nilipokwenda kuuliza, afisa mikopo, kijana mwenye adabu sana, aliniambia, "Mzee, ingekuwa imelala yote kwenye sakafu moja tungekupa."

Sitaki kuionea benki. Anayekopesha kwa rehani hana budi kufikiria siku ambayo mkopaji atashindwa kulipa. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inampa mdaiwa notisi ya siku 45 za kazi ili arekebishe kosa lake, kisha notisi nyingine ya siku 21 za kazi kabla ya mali kuuzwa, na baada ya hapo benki huwa na fleti mkononi inayohitaji mnunuzi wa haraka. Mthamini naye hukadiria bei kwa kulinganisha na mauzo ya nyumba zinazofanana, na isipokuwepo inayofanana, hupunguza makadirio ili ajilinde. Fleti ambayo chumba chake kiko chini ya jiko la mtu mwingine huzaa pia maswali ya kweli: bomba la jirani likivuja nani atatengeneza dari, na bima ya nani italipa? Haya yote nayakubali, na lau yangeandikwa katika ile barua nisingekuwa na la kusema.

Tatizo ni kwamba hayakuandikwa, na kwa upande wetu hayakuwa hata sababu yenyewe.

Sheria ya Mali za Kondominiamu ya mwaka 2001, ambayo ndiyo inayomwezesha mtu kuwa na hati ya fleti moja ndani ya jengo la wengi, haidai kwamba fleti iwe kama sanduku. Inaitambua kuwa ni nafasi iliyo ndani ya jengo, iliyoelezwa katika ramani kwa kutaja sakafu, kuta na dari zake. Ramani hiyo ikisajiliwa, kila fleti hufunguliwa hati yake, na mwenye fleti hupata sehemu yake katika mali ya pamoja kama ngazi kuu, paa na maegesho. Kwa hiyo fleti ya sakafu mbili inaweza kuwa na hati safi kabisa, mradi ramani inaionyesha hivyo ilivyo.

Yetu haikuonyeshwa hivyo. Wakili wetu alipoleta nakala ya ramani iliyosajiliwa, tuliitandaza mezani, naye akaanza kutueleza mipaka. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na amezoea kutazama vipande vya kitambaa kabla havijashonwa, ndiye aliyeuliza, "Ngazi yetu iko wapi?" Haikuwepo. Katika ramani fleti ile ilikuwa ya sakafu moja tu, na vile vyumba viwili vya chini vilikuwa sehemu ya fleti ya jirani. Mjenzi alikuwa ametoboa sakafu na kuhamisha ukuta baada ya michoro kupitishwa, akauza alichokijenga kwa hati ya kile alichokichora. Tungekopeshwa, tungelipa deni la fleti nzima kwa miaka 15 na kumiliki sebule na jiko. Muuzaji alikuwa akitutuliza kwa mkataba wenye mhuri wa mwenyekiti wa mtaa, kana kwamba mhuri ule hubadilisha kilichomo kwenye daftari la Msajili wa Hati.

Nashuku sana kwamba mthamini aliliona jambo hili siku ya kwanza, kwa kuwa kazi yake ni kutembea ndani ya nyumba akiwa na ramani mkononi. Benki, badala ya kutuambia kwamba hati hailingani na jengo, ikachagua maneno yasiyomhukumu yeyote, na muuzaji akabaki huru kuwaonyesha wengine kidaraja chake kizuri.

Ombi langu kwa benki zinazotoa mikopo ya nyumba ni dogo. Zichapishe, na kwa Kiswahili pia, majengo ambayo hazipokei rehani, yawe ni ya sakafu mbili, ya chumba kimoja kilichounganisha jiko na malazi, yaliyo juu ya maduka, au yaliyokaa juu ya viwanja viwili vyenye hati tofauti. Ramani ya kondominiamu ikaguliwe kabla ya mteja kutumwa kwa mthamini, kwa sababu kuitazama ni kazi ya saa moja, na mteja aliyelipia uthamini apewe nakala ya taarifa hata akikataliwa. Kwa wanunuzi wenzangu sina mengi: msitoe arubuni kabla ya kuingia katika fleti na ile ramani iliyosajiliwa na kuhesabu milango, ngazi na kuta, chumba kwa chumba. Na mkionyeshwa hati ya kiwanja kizima tu mkaambiwa hati za fleti "zinakuja", mjue kwamba mpaka zije hamna cha kuweka rehani.

Mamlaka za ujenzi nazo zina sehemu yake. Tangu mwaka 2013 tuna Sheria ya Udhibiti wa Majengo, na mjenzi anayebadilisha sakafu katikati ya kazi hapaswi kuruhusiwa kuhamishia watu kabla ramani haijabadilishwa pia.

Sisi bado tumepanga Kireka. Muuzaji amekubali kumlipa mpimaji ili ramani ichorwe upya, lakini jirani, ambaye kwenye karatasi ndiye mwenye vyumba vyetu vya kulala, amesema hatatia saini mpaka auone mchoro mpya na kujua atalipwa nini.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa sekondari, Kireka