Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti wa kikundi cha bustani, Moshi: joto limepita, masika yamepita, sasa baridi

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu mambo vipi. Najua mnataka tuwahi chai maana baridi ya leo si mchezo na mlima Kilimanjaro wenyewe umejifunika haswa, kwa hiyo mambo ya hela mweka hazina atayasoma mwenyewe, mimi ntaongelea bustani na nyumba zetu, hasa kile kipindi cha kutoka joto la mwezi wa 2 kuingia masika, maana hapo ndo wengi walipata na hapo hapo ndo wengi walikosa.

Nianze na ile kelele ya kwenye grupu. Mwezi wa 9 zilizunguka video za watu wa Ulaya wanafagia majani, wanang'oa nyanya, wanaingiza vyungu vya maua ndani, na baadhi yetu wakaanza kuuliza na sisi tufanye hivo lini. Jamani! Kule mwezi wa 9 ndo joto lao linaisha, mwanga unapungua kwa kasi, Berlin mwezi wa 6 jua linazama saa 3 na nusu usiku ila ikifika Desemba saa 10 jioni lishazama, sasa mti unaona majani hayana faida tena unayamwaga. Sisi tuko kusini ya ikweta kidogo tu, hapa Moshi siku ndefu na siku fupi zinapishana dakika 20 hivi, mmea wala haushtuki. Miti yetu ikipukutika ujue ni ukame, angalia jakaranda zinavyobaki kipara halafu Oktoba zinapasuka zambarau. Ukitaka mwezi wetu wa kubadilisha bustani ni wa 3, joto linavunjika mvua inaingia, basi.

Sasa nyanya. Kwenye joto yule mdudu wa nyanya, kanitangaze, alitunyoosha. Ukichuma jani ukaliinua juani unamuona kiwavi humo ndani, kala nyama ya jani kaacha ngozi ya juu na ya chini, kinyesi chake cheusi kiko hapo hapo. Dawa ya juu juu haimfikii vizuri, na ukirudia dawa ile ile anaizoea. Waliopona ni wale waliokuwa wanachuma majani yenye dalili mapema na kuyachoma, hata kama walichekwa.

Mvua ilipoingia mdudu akapungua, watu wakashangilia, wakapanda nyanya eneo zima bila paa wala nini, na kamati ilishasema tangu Februari jamani masika sio msimu wa nyanya za wazi. Ugonjwa wa bakajani ukaja. Unaanza na doa la kahawia lenye majimaji pembeni ya jani, asubuhi na mapema ukigeuza chini unakuta utando mweupe, na ndani ya siku chache bustani imekuwa kama imemwagiwa maji ya moto. Wenzetu waliohamia mnafu, sukuma na chainizi wamekula na wamebeba za kuuza soko la Mbuyuni. Mwakani kamati haitatoa miche ya nyanya mwezi wa 3, atakayetaka ajinunulie, na hili sitaki tubishane leo.

Nyumbani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bati la mita 10 kwa 8 likipata mvua ya milimita 20 hizo ni lita 1,600, hata zikipotea kidogo tenki la lita 1,000 linajaa. Lakini gata iwe safi! Majani ya mparachichi yanajaa humo kiangazi chote, yakilowa yanaziba mdomo wa bomba, maji yanarudi nyuma kwenye silingibodi, kuna mwenzetu sebule yake hadi leo ina ramani. Gata zisafishwe mwisho wa Februari, na mvua ya kwanza iacheni imwagike maana inabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Makabati yavuteni kidogo kutoka ukutani, viatu vya harusi vimeota ukungu nyumba nyingi tu mwaka huu. Visahani vya chini ya vyungu mwageni maji kila wiki, mbu hahitaji zaidi ya hapo.

Kwa baridi hii nina moja tu, jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Ile hewa yake haina harufu, mtu anasinzia haamki. Ongezeni blanketi, sokoni Memorial yapo ya bei zote.

Mwisho, wenye koleo na mikokoteni ya kikundi irudisheni kabla ya Jumamosi, wengine mnayo tangu Krismasi na mnajijua. Ada mpya inapokelewa hapo mezani kwa mweka hazina, na mbegu za mnafu zipo kwa mama katibu, njooni na bahasha zenu.