Isoniazidi na vitamini B6 vitoke dirisha moja

Mhariri,

Mama yangu mdogo, mkazi wa Kilolo, alikuwa mwezi wa nne akimeza isoniazidi, dawa kinga ya kifua kikuu, alipoanza kubabuka shingoni. Ngozi ilikuwa nyeusi na kavu, imezunguka shingo kama mkufu, na viganja kwa juu vilikuwa hivyohivyo, kama amevaa glavu. Majirani walisema ni jua la kupalilia. Wengine walinong'ona kwamba VVU vimemzidi, ingawa dawa zake za VVU hakuwahi kuziruka. Alipoanza kuharisha na kusahau majina ya wajukuu tukamkimbiza hospitali. Daktari alimtazama mikono, akataja ugonjwa ambao mimi, mwalimu wa baiolojia, nimeufundisha miaka mingi nisiutambue kwa mama yangu: pelagra.

Ugonjwa huo huenda ungezuilika kwa kidonge kidogo cha vitamini B6. Siku anaanza dozi aliambiwa kimeisha. Hakuambiwa zaidi ya hapo, wala hakuna aliyemkagua ngozi miezi yote iliyofuata.

Naomba nieleze kinachotokea mwilini, maana wagonjwa wetu wana akili ya kukielewa. Pelagra hutokana na upungufu wa naiasini, yaani vitamini B3. Vitamini hiyo hatuipati kwenye chakula peke yake. Mwili huitengeneza pia kutokana na triptofani, mojawapo ya amino asidi za protini. Zinahitajika takriban miligramu 60 za triptofani kupata miligramu 1 ya naiasini. Triptofani hugeuzwa kwanza kuwa kinurenini, kisha hupita hatua nyingine kadhaa. Kimeng'enya kimoja cha katikati ya safari hiyo hakifanyi kazi bila vitamini B6, na isoniazidi huinasa B6 hiyo na kuipoteza kwenye mkojo. Hapo njia inaziba. Maambukizi yenyewe, VVU au kifua kikuu, huongeza kasi mwanzoni mwa njia hiyohiyo, hivyo triptofani ya damu hupungua na kinurenini huongezeka.

Sasa weka juu yake sahani yetu. Protini kuu ya mahindi, zeini, karibu haina triptofani, na naiasini iliyomo kwenye mahindi imefungwa kiasi kwamba tumbo haliipati vizuri. Kuanzia 1914 Joseph Goldberger alichunguza pelagra kusini mwa Marekani, kwa maskini walioishi kwa mahindi, akaonyesha kwamba chanzo ni chakula, si vijidudu. Naiasini ilitambuliwa kuwa tiba mwaka 1937, na mwaka 1945 ikaonekana kwamba triptofani nayo huziba pengo hilo. Kande, au ugali kwa maharage, kwa kawaida vinatosha kumlinda mtu mzima asiyemeza dawa hii. Lakini ikifika Januari nyumbani kwa mama maharage yameshauzwa ili apate mbolea, na kinachobaki ni sembe na chainizi.

Katika utafiti wa kitaifa wa 2016/2017, Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU Tanzania Bara. Ndiyo pia mikoa ya mahindi. Kwa hiyo dawa hii inamezwa na watu wengi hapahapa ambako chakula chenyewe hakina akiba ya kuwakinga.

Naziomba halmashauri ziagize B6 pamoja na isoniazidi, na dirisha la dawa litoe vyote viwili kwa mkono mmoja. Muuguzi amwombe mgonjwa kila mwezi alegeze kanga shingoni na kunyoosha mikono. Ni kazi ya dakika moja. Na wewe uliye kwenye dozi, usiiache, kwa kuwa kifua kikuu kinaua. Uliza B6 yako iko wapi, na ukiona ngozi inabadilika rudi kliniki siku hiyohiyo.

Mama alipewa naiasini na B6. Kuharisha kulikata ndani ya siku chache. Shingo ilichukua wiki kadhaa, na majina ya wajukuu yalirudi moja baada ya jingine.

Mwalimu wa baiolojia,
Kihesa, Iringa