Mgonjwa wa kifua kikuu aelezwe sababu, si idadi ya miezi tu

Mhariri,

Kila inapokaribia Machi 24, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, redio na magazeti hukumbusha kwamba kikohozi cha wiki mbili kipimwe na kwamba dawa za TB ni bure. Ujumbe huo ni mzuri, ila unamfikisha mtu mlangoni mwa kliniki tu. Akishaanza dawa, mara nyingi anachoambiwa ni kwamba atameza miezi sita na asiache. Kwa nini sita, haelezwi. Asiyejua sababu hana cha kumzuia siku atakapojisikia mzima.

Na uzima huo huja mapema. Vidonge vya miezi miwili ya kwanza vina dawa nne kwa pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Huua haraka vijidudu vinavyozaliana, na vikipungua, homa hukata, jasho la usiku huisha na hamu ya kula hurudi. Wiki ya nne mtu yuko shambani. Lakini vimebaki vijidudu vilivyolala mapafuni, ambavyo dawa haiviui kwa urahisi mpaka viamke. Ndiyo maana inafuata miezi minne ya rifampisini na isoniazidi. Anayeacha katikati, hivyo hivyo ndivyo vitakavyomrudisha kitandani. Anayemeza kwa kurukaruka anaviua vile dhaifu na kuviachia nafasi vile vinavyostahimili dawa, na hapo ndipo inapozaliwa TB sugu.

Sisi watoa huduma nasi tuna mchango wetu katika mkanganyiko huu. Tunawaambia wagonjwa kwamba baada ya wiki mbili hivi za dawa hatari ya kuambukiza wengine hupungua sana. Ni kweli, na huwapunguzia unyanyapaa nyumbani. Tusipomalizia maelezo, mgonjwa husikia kwamba amepona. Mwisho wa mwezi wa pili anapimwa kohozi na kuambiwa hakuna vijidudu vilivyoonekana. Nani amemweleza kwamba kwa darubini huhitajika vijidudu 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya kohozi ndipo vionekane? Kutoonekana si kuisha. Ndiyo maana kohozi hurudiwa kupimwa mwezi wa tano na mwishoni mwa matibabu.

Maudhi ya dawa nayo huwatoa watu kwenye tiba pasipo sababu. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, hata mwekundu, tangu siku ya kwanza. Asiyeambiwa mapema hudhani anakojoa damu, akaacha dawa kimyakimya. Kichefuchefu kikizidi, mgonjwa anaweza kumeza vidonge na chakula kidogo au kabla ya kulala. Ganzi au miguu kuwaka moto ni ya isoniazidi, na hutibiwa kwa vitamini B6. Yapo mawili asiyopaswa kuyasubirisha hata siku moja: macho kuwa ya njano, na kuona ukungu au kushindwa kutofautisha rangi nyekundu na kijani. Hapo asimeze tena, aende kituoni siku hiyo hiyo. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango aambiwe kwamba rifampisini huvipunguzia nguvu, achague njia nyingine.

Msimamizi wa matibabu nyumbani, awe mke, kaka au jirani, naye afundishwe kuhesabu. Mtu mzima wa kilo 40 hadi 54 humeza vidonge vitatu kwa siku, na wa kilo 55 hadi 70 vinne, vyote kwa mkupuo mmoja. Kwenye karatasi ya vidonge 28, wa vinne anamaliza karatasi moja kwa wiki kamili. Wa vitatu anamaliza siku tisa na kubakiwa na kidonge kimoja. Hesabu isipokaa sawa, kuna siku iliyorukwa. Aliyesahau asubuhi ameze akikumbuka siku ile ile, kesho asimeze dozi mbili. Na mgonjwa apimwe uzito kila anapokuja, maana akinenepa na kuvuka kilo 54, vidonge vitatu havimtoshi tena.

Hatudai kwamba elimu inalipa nauli. Mwenye kulipa bodaboda kila anapofuata dawa, au anayemeza vidonge tumbo likiwa tupu huku hamu ya kula imerudi kwa kishindo, anaweza kujua yote haya na bado akashindwa. Apewe kwa safari moja dawa za kumtosha siku nyingi zaidi, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii ampelekee.

Tunaloomba kwa waratibu wa kifua kikuu wa wilaya ni kwamba mazungumzo na mgonjwa yasiishie siku ya kwanza, siku ambayo bado ana hofu na homa na husahau nusu ya aliyoambiwa. Yarudiwe wiki ya tatu, siku ya kubadilishiwa vidonge baada ya miezi miwili, na mwezi wa nne ambapo uchovu wa kumeza huwa mkubwa. Dakika kumi zinatosha, na yaanze kwa kumtaka mgonjwa mwenyewe aeleze kwa nini bado anameza. Akishindwa kujibu, huyo afuatiliwe kwa simu wiki hiyo hiyo, kabla hajakosa tarehe yake.

Wahudumu wa kliniki ya kifua kikuu,
Morogoro