Shukrani kwa dada wa kalamu nyekundu, Tabora

Dada yetu, hukutaka jina litajwe, nasi tunaheshimu. Ahsante sana.

Ulituonyesha pa kuanzia kudai pesa ambazo benki imetukata isivyo halali kwenye mkopo: taarifa ya akaunti ya miezi 12, mkataba wa mkopo kando, kalamu nyekundu mkononi. Kila makato yasiyo na kifungu kwenye mkataba, duara. Faini ya kuchelewa ndiyo inayoumiza wengi. Tuseme mkataba unasema asilimia 5 ya rejesho lililochelewa. Rejesho likiwa 180,000, faini ni 9,000. Mfumo wa benki ukipiga asilimia hiyo kwenye deni zima la 2,400,000, unakatwa 120,000! Shilingi 111,000 hizo ni karo ya mtoto, zidaiwe.

Barua kwa benki nakala mbili, tarehe na kiasi cha kila kato, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo dirishani hayaachi alama. Wakikaa kimya au wakikataa, peleka nakala hiyo Benki Kuu. Marejesho yasisimame huku ukidai, maana faini halali zitazaliwa juu ya zile za uonevu.

Mungu akuzidishie, dada. Wakulima wa tumbaku wanakusalimu.