Kabla ya samasoti, mtoto ajifunze kuanguka

Walimu wakuu wengi wanaotupigia simu huanza na swali moja: "Mtoto akivunjika shingo, nani atajibu?" Ni swali la haki. Mwalimu mkuu amekabidhiwa watoto wa watu, na akisikia jimnastiki anawaza vijana wa sarakasi wanaojipindua hewani, au wale wa halaiki kwenye sherehe za kitaifa. Sisi tunafundisha mchezo huu katika shule za msingi hapa Dar es Salaam. Jibu letu ni kwamba muhula wote wa kwanza hakuna mtoto atakayepiga samasoti, yaani kujipindua hewani. Muhula huo tunafundisha kuanguka.

Watoto huanguka kila siku, kwenye mwembe, kwenye ngazi, wakikimbizana wakati wa mapumziko. Wengi hutanguliza kiganja huku kiwiko kimenyooka, uzito wote ukashukia mkono mmoja. Mfupa wa juu kidogo ya kiwiko huvunjika hivyo, mtoto akarudi nyumbani amefungwa hogo. Kwa hiyo somo la kwanza ni kukunja viwiko na magoti, kujikusanya na kubingirika pamoja na kishindo badala ya kukipinga. Mtoto akilizoea, analo hata siku akiteleza bafuni.

Kubingirika mbele kunaonekana rahisi, lakini kuna kosa moja ambalo karibu kila mtoto analifanya mara ya kwanza: anaweka utosi chini. Hapo shingo inabeba mwili. Kinachotakiwa kugusa mkeka ni mikono, kisha kisogo kidogo, kisha mabega na mgongo uliopinda. Kumweleza mtoto wa darasa la tatu maneno yote hayo ni kupoteza muda. Tunampa jani la mwembe, alibane kati ya kidevu na kifua, halafu abingirike. Jani likidondoka kabla hajasimama, kidevu kiliachia, anarudia. Ndani ya kipindi kimoja utawasikia wakisahihishana wenyewe: "Jani lako limeanguka!"

Shule nyingi hutuuliza kama magodoro ya bweni yanatosha. Hayatoshi. Godoro la kulalia linadidimia, mguu unazama na kifundo kinapinda. Tunakuja na mikeka ya povu gumu, sita, tunaitandika kwenye nyasi tambarare baada ya kuokota mawe na vifuniko vya soda.

Mikeka sita kwa mkondo wenye watoto themanini? Ndiyo, ila hatupangi foleni moja. Mtoto akisimama dakika kumi akisubiri zamu, ataanza kujaribu mambo yake nyuma ya mgongo wa mwalimu, na huko ndiko hatari iliko. Tunagawa vituo. Kundi moja linabingirika, jingine linaruka kutoka kwenye tairi lililofukiwa nusu na kutua kwa magoti yaliyolegea, jingine linatembea kwenye mstari. Boriti ya mashindano, ule mhimili mwembamba ambao wanajimnastiki hutembea juu yake, ina upana wa sentimita 10 na iko mita 1.25 kutoka sakafuni. Yetu ina upana huohuo, ila imechorwa kwa chaki. Mtoto anayevuka mstari ule kwa vidole vya miguu, macho mbele, mikono imetandazwa, anafanya kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Ujaribu mwenyewe ukifumba macho.

Miaka ya mwanzo tulikosea. Katika shule moja tuliwaruhusu watoto wa darasa la tano kupiga samasoti wiki ya pili, kwa kuwa walikuwa na hamu, na sisi tulitaka kuwapendeza wazazi siku ya mahafali. Mvulana mmoja alitua vibaya akateguka kifundo. Alipona, lakini mimi ndiye niliyemfikisha kwao na kumweleza mama yake. Tangu siku hiyo hatukubali kuandaa onyesho kabla watoto hawajaiva, hata shule iombe vipi.

Wazazi wana hofu nyingine, kwamba mchezo huu unadumaza. Wanamtaja mwanajimnastiki Simone Biles wa Marekani, mwenye urefu wa mita 1.42. Ukweli ni kwamba mwili mfupi huzunguka upesi hewani, hivyo wafupi ndio wanaofika mbali zaidi katika mchezo huu. Kubingirika mara mbili kwa wiki hakumzuii mtoto kurefuka.

Kuhusu mabinti, sketi ya shule haifai. Binti ataishika kwa mkono mmoja asionekane, na mkono huo ulitakiwa uwe chini ukimshikilia. Avae traksuti au bukta ndefu. Mwenye hijabu aichomeke ndani ya fulana, bila pini. Tumeona mabinti waliokaa pembeni wiki tatu wakaingia siku ile ile suala la nguo lilipotatuliwa.

Kabla ya kipindi cha kwanza tunatuma karatasi nyumbani kuuliza kuhusu pumu, kifafa na siko seli. Tafadhali mzazi, usiifiche siko seli kwa kuogopa mtoto kutengwa. Tukijua, atashiriki kwa kiasi chake, atapumzika mapema na kunywa maji mara kwa mara, kwa ushauri wa daktari wake.

Kipindi tunakiomba kabla ya uji, kwani tumbo lililojaa halibingiriki. Muda upo ndani ya somo la Sanaa na Michezo, hamhitaji kuongeza saa. Gharama tunazungumza na kila shule kulingana na idadi ya mikondo. Tuna sharti moja tu: mwalimu wa michezo avue viatu, aingie kwenye mkeka na abane jani lake kama watoto. Sisi tutaondoka, yeye ndiye atakayebaki nao.