Barua ya wazi kwa vijana wa kamera wa Kigoma

Wanangu mnaojiita watu wa dokyumentari hapa mwisho wa reli, shikamoo zenu za kwenye WhatsApp nimezipokea, marahaba. Sasa nisikilizeni maana nina hasira, na nisipoiandika leo nitaishia kuwasema vijiweni na huko maneno yakitoka yanarudi yameota mapembe.

Juzi mmezindua filamu yenu ya kufungwa kwa Ziwa Tanganyika, ile miezi mitatu ya kusimamisha uvuvi. Hotelini. Juisi, sambusa, mheshimiwa kakaa mbele, MC anapiga kelele utadhani harusi. Na yule mama muanika dagaa wa Kibirizi, ambaye sura yake ndo mmeiweka kwenye bango, kaja na kitenge kipya kazuiwa getini eti hana kadi. Getini! Nikamshika mkono tukaingia, ila heri tungebaki nje. Siku mnamrekodi nilikuwepo, nilimsikia akiuliza miezi mitatu watoto watakula nini na marejesho ya kikoba nani atamlipia. Kwenye filamu hilo halipo. Kipo kipande anacheka, muziki unapanda, kisha mheshimiwa anaongelea uchumi wa buluu mpaka tunasinzia.

Mi sisemi kufunga ziwa ni vibaya, msinisingizie. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane, na mvuvi mkweli yeyote atakwambia migebuka na dagaa sio kama wa zamani. Ziwa lenyewe la nchi nne, sisi, Burundi, Congo na Zambia, kwa hiyo hata ukifunga huku lazima uulize na ng'ambo kukoje. Mwenye ofisi ana hoja na yule mama ana hoja. Hapo ndo palikuwa na filamu, nyie mmekata upande mmoja mkauza. Nani kalipia sambusa najua, simtaji.

Mnaniambia mnataka filamu za siasa. Haya. Mnamjua Patricio Guzmán, mtengeneza filamu wa Chile? Wale walikuwa kikundi kidogo tu, mikanda ya kurekodia walitumiwa na Mfaransa mmoja, Chris Marker, maana kwao haikupatikana. Wakarekodi viwandani, mitaani, mikutanoni, wanaompenda Rais Allende na wanaomchukia, wote. Septemba 11, 1973 jeshi likampindua Allende. Guzmán akawekwa ndani kwenye uwanja wa mpira, mikanda ikatoroshwa nje ya nchi, yeye akaenda kuieditia Cuba, ikawa filamu ya The Battle of Chile, sehemu ya tatu imekamilika 1979. Mpiga picha wake Jorge Müller alikamatwa 1974 na mpaka leo hajaonekana. Hiyo ndo bei ya hii kazi kwa wengine, nyie mmeshindwa kumwambia mheshimiwa hapana.

Lakini ninachompendea yule mzee sio ushujaa. Miaka ya tisini alirudi kwao na filamu yake, akaingia nayo madarasani, akawaonyesha wanafunzi ambao mapinduzi yanatokea walikuwa hawajazaliwa au bado wananyonya. Wakabishana, wengine wakalia mbele yake, na hayo nayo akayarekodi. Zaidi ya miaka ishirini imepita na bado alijua ana deni. Nyie Kibirizi mnafika kwa bodaboda.

Na msiniambie hili ni la Wachile. Hapa hapa nchini, Mwanza, alikuja Hubert Sauper wa Austria, 2004 akatoa ile Darwin's Nightmare, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya na watu wanabaki na mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa. Ikafika mpaka kwenye mchujo wa Oscar, 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani, nchi nzima ikawa inaibishania. Nami niliisikia ikitukanwa na ikisifiwa muda mrefu sana kabla sijaiona kwenye sidii ya kuazima. Ilitakiwa tuigombee tukiwa tumeiona sisi kwanza, ukutani, na wachuuzi wa mapanki wakiwepo waseme huyu katuonea au kasema kweli.

Halafu Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi kwa maelfu ufukweni pale, kipindupindu kimeingia, Liemba, meli ya enzi za Mjerumani, inawachukua kuwaleta mjini. Dunia iliona zile picha. Sasa mwalimu wa Kigoma akitaka kuwaonyesha watoto wa hapa anazipata wapi? Kamera zilikuja, zikaondoka.

Mengine nayapitisha haraka maana mnayajua ila hamfanyi. Kibali cha Bodi ya Filamu mapema, drone nayo ina kibali chake. Sauti kwanza, picha baadaye. Hadidiski mbili, nyumba mbili. Harusi na send-off pigeni bila aibu, ndo zitawalisha. Mtu akikwambia "hiki usikitoe", usikitoe.

Na sisi wazazi nasi tuna mambo yetu. Kijana akipiga picha ya diwani kafungua choo cha shule tunasema ana kazi, akipiga picha ya shule isiyo na choo tunamuuliza ametumwa na nani. Mji mzima huu tuna vibanda umiza vya mpira na sinema zilizotafsiriwa, ila cha kuonyesha habari zetu wenyewe hatuna, na hakuna mgombea aliyeulizwa. Ndo maana mnaishia hotelini, naelewa, wanangu, naelewa kabisa. Bado nimekasirika.

Kwa hiyo rudini kwenye kompyuta, lile swali la mama lirudishwe lote, na ofisa uvuvi aulizwe ajibu. Kisha pelekeni mwaloni. Projekta ya kanisa nitawaombea mimi, jenereta tafuteni nyie. Iwe kipindi cha mbalamwezi, wavuvi hawaingii ziwani, mtawakuta wote. Shida ni kwamba mwezi ukiwa mkali picha itafifia, kwa hiyo mtafute ukuta ulio kivulini, nadhani upande wa nyuma wa yale maghala unafaa, nendeni mkaangalie usiku na sio mchana.